Ukuta wa kale unalowa na kupasuka: uchunguzi uanzie wapi kabla ya ukarabati

Msomaji mmoja anauliza kuhusu nyumba ya familia yao, jengo la ghorofa lenye kuta nene za mawe na chokaa ambalo umri wake umepita miaka 100. Miaka kadhaa iliyopita kuta hizo zilipigwa lipu ya saruji ndani na nje. Sasa lipu inavimba na kubanduka, sehemu ya chini ya ukuta ina alama za maji na unga mweupe, na ufa umepanda mshazari kutoka kona ya dirisha la chini. Mkandarasi amependekeza kung'oa lipu yote, kudunga dawa ya kuzuia unyevu chini ya kuta, kuziba ufa, kisha kupiga saruji upya. Msomaji anataka kujua kama mpango huo unafaa, na anauliza pia kama familia inaweza kuijenga upya roshani ya mbao iliyoondolewa zamani, ambayo hakuna mtu aliyebaki na picha yake.

Ndugu msomaji, ushauri wangu ni kwamba mpango huo usianze kutekelezwa kwa sasa. Sisemi kwamba kila kilichomo ni kibaya, maana huenda lipu hiyo kweli itapaswa kuondolewa. Kasoro yake ni kwamba unaorodhesha kazi nne bila kueleza sababu hata moja: maji yanatoka wapi, ufa ulitokea lini, kama bado unasogea au umekwisha kutulia, na kwa nini lipu ya mara ya kwanza ilishindwa kushika. Mkandarasi anayependekeza kurudia saruji ile ile mahali ilipokwisha kushindwa anapaswa kwanza kueleza safari hii kitabadilika nini.

Ukuta wa mawe na chokaa hauishi kwa kuyazuia maji kabisa. Huyapokea kidogo wakati wa mvua au kutoka ardhini, kisha huyaachia yakauke kupitia viungo na lipu yake yenye vinyweleo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe katika joto la nyuzi 900 hivi, kisha kuyazima kwa maji. Ikishapigwa ukutani hurudi polepole kuwa jiwe kwa kufyonza hewa ya kaboni dayoksaidi. Jiwe hilo jipya ni laini, hupitisha mvuke, na huvumilia misogeo midogo ya jengo bila kuvunjika vipande vikubwa. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza huko Uingereza mwaka 1824, ina tabia tofauti kabisa: ni ngumu, haikunjiki, na hupitisha mvuke kwa shida. Ikipigwa juu ya ukuta laini, hupata nyufa nyembamba kama nywele. Maji ya mvua huingia kupitia nyufa hizo na hayapati njia ya kutokea. Chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji hayo hukauka na kuwa fuwele nyuma ya lipu, fuwele hukua, na nguvu ya kukua kwake hutosha kuisukuma lipu mpaka ivimbe na kuchukua ngozi ya jiwe pamoja nayo. Kwa maelezo uliyotoa, ninaamini kwamba uvimbe na unga mweupe unaouona vimetokana kwa kiasi kikubwa na mwendo huo. Hata hivyo, chanzo cha maji yenyewe bado hakijulikani, na hilo ndilo linalopaswa kutafutwa.

Kosa la kutumia kitu chenye nguvu kuliko jengo halikufanywa na mafundi wadogo peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, ukarabati wa Akropolis ya Athens, kilima chenye mahekalu ya kale ya Ugiriki, ulioongozwa na Nikolaos Balanos ulitumia vyuma vingi kuunganisha marumaru. Wajenzi wa kale nao walikuwa wametumia vyuma, lakini wao walivifunika kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Vyuma vya Balanos, ambavyo havikupata kinga hiyo, vilipata kutu, vikavimba na kuyapasua marumaru vilivyokusudiwa kuyashika. Tangu kamati mpya ilipoundwa mwaka 1975, kazi kubwa imekuwa kuvitoa vyuma hivyo na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, mahali pake.

Uchunguzi wa jengo lako unapaswa kuanza na karatasi na watu. Tafuta hati, ramani za zamani, picha za harusi na mazishi zilizopigwa mbele ya nyumba, risiti za matengenezo, na kumbukumbu za wazee wa familia na za majirani. Uliza hasa mambo matatu: ardhi ya nje ilikuwa chini kiasi gani ikilinganishwa na ngazi ya mlangoni, ni ukuta gani uliowahi kubomolewa au kutobolewa mlango, na ni lini mabomba ya maji yaliingizwa. Picha moja inayoonyesha ngazi tatu mbele ya mlango ambao leo una ngazi moja itakueleza sababu ya unyevu wa chini ya ukuta kuliko kifaa chochote.

Kisha nyumba ipimwe na kuchorwa. Kila chumba kipimwe pande zake zote na mishazari yake miwili, kwa kuwa nyumba za kale ni nadra kuwa na pembe za mraba, na bila mishazari mchoro utaonyesha chumba ambacho hakipo. Vipimo vya ukuta mmoja visomwe mfululizo kutoka sifuri moja, badala ya kupima kila kipande peke yake, kwa sababu makosa madogo hujumlishwa mpaka yakawa makubwa. Timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, iteremshwe kwenye kuta za nje ili kujua kama zimeinama au zimetoka tumbo, na unene wa ukuta uandikwe mahali kadhaa. Mchoro wa ramani kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita moja ya mchoro kwa sentimita 50 za jengo, unatosha kwa kazi nyingi. Madirisha, milango na michongo ichorwe kwa 1:20. Juu ya michoro hiyo ndipo mahali pa kuonyesha kila ufa, kila doa la maji na kila kipande cha lipu kinacholia utupu kinapogongwa kwa kifundo cha kidole. Picha bila mchoro huwa rundo ambalo baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka ni la chumba gani.

Utaambiwa kwamba siku hizi leza hufanya yote hayo kwa saa chache. Ni kweli kwamba leza na fotogrametria, yaani kupata vipimo kutokana na picha, zimerahisisha mno kazi ya mahali pa juu na pa hatari. Fotogrametria ya majengo yenyewe ilizaliwa kutokana na hatari ya aina hiyo: mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer aliponea chupuchupu kuanguka alipokuwa akilipima kanisa kuu la Wetzlar huko Ujerumani, akaanza kufikiria namna ya kuipima picha badala ya kuning'inia ukutani. Hata hivyo, chombo hurekodi uso tu, hakiulizi kwa nini. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilikuwa limepimwa kwa leza na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon, na vipimo vyake vilisaidia baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Lakini mbao za paa lililoungua zilikuwa pia zimepimwa na kuchorwa mwaka 2014 na wasanifu Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, na michoro yao ilikuwa nguzo kuu ya kulijenga upya paa hilo kwa mwaloni kabla kanisa halijafunguliwa tena Desemba 2024. Kwa nyumba ya ukubwa wa yako, futikamba, kipimaumbali cha leza cha mkononi, timazi na mtu mwenye subira vinatosha. Anayepima kwa mkono hulazimika kukitazama kila kiungo, na katika kutazama huko huona mambo ambayo hakuyatafuta.

Sasa nije kwenye maji, ambayo kwa maoni yangu yanastahili nusu ya muda wote wa uchunguzi. Tembelea nyumba mvua inaponyesha, si baada yake. Tazama maji yanavyoondoka kwenye paa, mifereji inayofurika, mabomba ya kushushia mvua yaliyopasuka upande wa nyuma unaogusa ukuta, na mahali maji hayo yanapoishia ardhini. Angalia kama ardhi ya nje inateremka kuelekea nyumba au kuondoka nyumbani, na kama iko chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15. Mara nyingi ardhi imepanda mwaka baada ya mwaka kwa takataka, udongo wa bustani na tabaka za barabara, na mwishowe mtu ameweka sakafu ya saruji kandokando ya ukuta kwa nia njema ya kuukinga. Sakafu hiyo huzuia ardhi kukauka kwa juu, na maji ya chini yake hubaki na njia moja tu ya kupandia, nayo ni ukuta wako. Kagua pia mabomba ya jikoni na bafuni kwa kufunga koki zote za ndani na kuisoma mita ya maji jioni na asubuhi; ikisogea wakati hakuna aliyetumia maji, kuna bomba linalovuja.

Umbo la doa husema mengi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huwa mkali chini na kupungua kadiri unavyopanda, na ni nadra kuvuka kimo cha mita moja au moja na nusu. Doa lililo peke yake katikati ya ukuta au chini ya dirisha ni la maji yanayoingia kutoka nje au kwenye bomba. Doa linalotokea siku za hewa nzito na kupotea siku za upepo mkavu mara nyingi ni la chumvi, kwa kuwa baadhi ya chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani hata ukuta unapokuwa hauna maji mengine.

Hapo ndipo ninapokutahadharisha kuhusu kile kifaa kidogo chenye sindano mbili ambacho wauza dawa za kuzuia unyevu hukichomeka ukutani kikalia kwa kelele. Kipimaunyevu hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme, hivyo ukuta mkavu wenye chumvi nyingi unaweza kusomeka kuwa umelowa. Kinafaa kulinganisha mahali na mahali, wala hakifai kuwa ushahidi wa kuuzia kazi. Ushahidi ulio imara ni kuchukua unga wa ukuta kwa keekee inayozunguka polepole, katika vimo na vina mbalimbali, kuupima uzito, kuukausha katika joto la nyuzi 105 na kuupima tena. Uso ukiwa na unyevu kuliko kiini cha ukuta, shaka ielekee kwenye chumvi na mvuke wa hewa. Kiini kikiwa na unyevu kuliko uso, maji yapo ndani na yanahitaji kutafutiwa chanzo.

Dawa ya kudunga siiungi mkono kwa nyumba yako. Inategemea kutengeneza tabaka lisilokatika ndani ya ukuta, ilhali ukuta mnene wa mawe kwa kawaida una nyuso mbili za mawe makubwa na katikati yake kifusi chenye mianya. Dawa huishia kwenye mianya na mstari unaotarajiwa haukamiliki. Haiwezi kutolewa ikishaingia. Zaidi ya hapo, kazi hiyo karibu kila mara huuzwa pamoja na lipu mpya isiyopitisha maji, na lipu hiyo ndiyo inayouficha unyevu kwa miaka michache na kumpa mteja imani kwamba dawa imefanya kazi.

Kuhusu ufa, swali la kwanza ni kama unasogea. Ufa wa zamani una kingo zilizochakaa, vumbi, utando wa buibui, au rangi iliyoingia ndani yake. Ufa mpya una kingo kali na safi. Umbo lake nalo lisomwe. Ufa unaofuata viungo kwa ngazi kutoka kona ya dirisha mara nyingi huonyesha kwamba sehemu moja ya msingi imeshuka kuliko nyingine: ukiwa mpana zaidi juu, kuna uwezekano kwamba mwisho wa ukuta unashuka, ukiwa mpana zaidi chini, huenda katikati ndiyo iliyolegea. Ufa wa wima kwenye kona ambako kuta mbili hukutana unaweza kumaanisha kwamba ukuta wa nje unaondoka kwa sababu haukufungwa vizuri na boriti au na ukuta mwenzake. Upana peke yake hautoshi kuhukumu, ingawa kwa kawaida ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa mdogo, na unaozidi milimita 15 huhitaji mhandisi bila kuchelewa.

Kuupima ufa si kazi ya gharama. Weka skrubu ndogo tatu kuuzunguka, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikifanya pembetatu, na upime umbali kati yake kwa kalipa, chombo cha kupimia umbali mdogo kwa usahihi, kila mwezi, ukiandika tarehe, hali ya hewa na kama mvua imenyesha wiki hiyo. Skrubu tatu zitakuonyesha kama ufa unafunguka, unateleza, au unafanya vyote viwili. Watu wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kioo kikivunjika hukuambia kwamba kumetokea msogeo, lakini hakisemi ni kiasi gani wala kuelekea wapi. Endelea kwa miezi 12, kwa sababu majengo hupumua na majira, na ufa unaofunguka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua unaelekeza kwenye udongo wa mfinyanzi chini ya msingi, au mti ulio karibu, au bomba linalovuja. Ukiuziba kwa saruji kabla ya kulijua hilo, ukuta utapasuka tena kando ya kiraka.

Kuna hali ambazo hazisubiri miezi 12. Mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukikwama ghafla, unga wa lipu ukianguka kila siku mahali pamoja, ukuta ukitoka tumbo kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, au mwisho wa boriti ukionekana kuteleza kutoka kwenye tundu lake, watu waondoke katika sehemu hiyo, boriti zitegemezwe kwa nguzo za muda, na mhandisi mwenye uzoefu wa majengo ya kale aitwe siku hiyo hiyo. Kutegemeza hakuharibu chochote na kunaweza kuondolewa.

Mbao nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa hukuzilalamikia, lakini katika nyumba yenye kuta zilizolowa siziachi bila kukaguliwa. Ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta ndizo zinazooza kwanza, na ukiitazama kutoka chini boriti inaweza kuonekana nzima. Igongwe kwa nyundo na kuchomwa kwa chuma chembamba karibu na ukuta. Unyevu wa mbao ukizidi asilimia 20, kuvu hupata mahali pa kuishi, na mchwa hawako mbali. Ncha iliyooza hukatwa na kuungwa mbao mpya ya aina ile ile, na boriti iliyobaki huendelea na kazi yake.

Lipu ya saruji iondolewe kwa majaribio kwanza. Chagua mahali pasipoonekana sana, fundi aiondoe kwa patasi na nyundo ndogo, bila mashine ya kuvunjia wala grainda. Ikitoka kwa urahisi, kama ninavyotarajia mahali ilipokwisha kuvimba, endeleeni sehemu kwa sehemu. Ikishika kiasi cha kung'oka na uso wa jiwe, ni afadhali kuiacha hapo mpaka ijiachie yenyewe. Baada ya kuondolewa, ukuta uachwe wazi ukauke. Kanuni ya kadirio ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo ukuta wa milimita 600 unaokauka pande zote mbili huhitaji kama mwaka. Familia nyingi hukasirika zikisikia hivyo. Chumvi inayojitokeza wakati huo ipigwe brashi kavu na kuzolewa, isioshwe kwa maji, kwani maji huirudisha ndani.

Kuhusu roshani, Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, uliweka msingi ambao wahifadhi wengi bado wanaufuata: urejeshaji hukoma pale kubahatisha kunapoanza, na kila kinachoongezwa kiweze kutambulika kuwa ni kipya. Tafuteni ushahidi ukutani lipu itakapotoka. Matundu ya boriti yaliyozibwa yatawaonyesha kimo, upana na idadi ya nguzo, na mstari wa rangi za zamani unaweza kuonyesha paa lake lilipofika. Mkiupata, roshani sahili inayofuata vipimo hivyo itakuwa na hoja. Michongo ambayo hakuna aliyeiona msiibuni, hata fundi akiwa hodari kiasi gani.

Kwa mpangilio wa fedha, mwaka wa kwanza uende kwenye mifereji ya paa, mabomba, kushusha ardhi ya nje, michoro na skrubu za ufa. Kazi ya lipu ije baadaye, kwa chokaa na mchanga safi usio na chumvi, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, ikipigwa tabaka nyembamba na kukingwa na jua kali kwa magunia yenye unyevu, kisha ipakwe chokaa badala ya rangi ya plastiki. Mafundi wengi wanaojua saruji vizuri hawajawahi kushika chokaa. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa kuta zote, mwombe fundi apige sampuli ya mita moja ya mraba kwenye ukuta unaopigwa na mvua, na uiache ipite msimu mmoja wa mvua ndipo umlipe kwa zilizobaki.